Mininga Mitatu ya Mahameni

Niliharibu kazi ya wiki mbili kwa beseni moja la majivu, na nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Mimi ni mama lishe. Banda langu liko Majengo, Mpanda, na wateja wanaujua ulimi wangu kama wanavyoujua mchuzi wangu. Mwaka juzi, kiangazi kikielekea mwisho, alikuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu, mwanaume wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyochoka, pamoja na wanafunzi wake watatu. Walikula wali maharage, wakaongeza, kisha akaniuliza kama ningekubali kwenda kuwapikia porini kwa mwezi mmoja, mbele kidogo ya Sitalike, nje ya mpaka wa hifadhi. Nikamuuliza ni wapi hasa. Alipoanza kueleza habari za kilima cha udongo na korongo lililo chini yake, nilikubali kabla hajamaliza. Alikuwa ananieleza mahame ya kwetu.

Wazazi wangu waliishi pale kabla ya serikali kuwahamishia watu vijijini. Gari lilikuja, paa zikashushwa, watu wakapakiwa na kuku wao, na mashamba yakarudi kuwa pori. Mimi nilizaliwa baadaye, Ilembo, kwa hiyo pale nilipajua kwa kutembezwa tu. Baba alikuwa akitupeleka, mimi na wadogo zangu watatu, wakati wa uyoga. Mama hakuwahi kuja hata mara moja. Alisema miguu yake haipendi safari, na sisi tulimwamini, ingawa miguu hiyohiyo ilikwenda sokoni na kurudi kila wiki na debe la karanga kichwani.

Niseme hapa kwamba mimi ndiye kifungua mimba, na cheo hicho nimekitumia vizuri. Wadogo zangu wameniamkia shikamoo tangu walipojua kusema, na aliyesahau nilimvuta sikio. Nyumbani kwetu mimi sikuwa na dada wala kaka wa kumwamkia. Nilipenda iwe hivyo.

Kile kilima sasa. Ni kirefu kuliko nyumba, kimeota nyasi na miti, na ukikitazama haraka utasema ni kichuguu kikubwa cha mchwa. Lakini ukikwangua udongo unakutana na vipande vya mavi ya chuma, zile taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, vyeusi na vizito, na vipande vya mabomba ya udongo ambayo watu wa zamani walipulizia moto. Wafua chuma waliyeyushia chuma pale, wakabomoa matanuri yao, wakajenga mengine juu yake, miaka kwa miaka, mpaka udongo ukapanda. Swali lilikuwa ni lini. Wapimbwe wanasema kilima ni chao, Wakonongo wanasema ni chao, na baba yangu, Mungu amrehemu, alisema ni cha babu zake, bila ushahidi wowote isipokuwa sauti kubwa.

Mtaalamu alichimba shimo upande wa mashariki, la mraba, kuta zake zimenyooka hata mimi nikaona aibu kwa kuta za banda langu. Walichimba kwa mwiko wa fundi mwashi na brashi ya kupakia rangi. Kila walipokuta kipande cha mkaa, hata kidogo kama punje ya mtama, walikiokota kwa koleo ndogo na kukifunga ndani ya karatasi ya fedha, kama nifungavyo mimi samaki wa mteja wa kubeba. Niliwacheka. Nikawaambia kama wanataka mkaa, Mpanda unauzwa kwa gunia.

Mvua ya kwanza ilidondoka usiku mmoja, ya dakika chache. Asubuhi nilipotoka kuwasha moto nikaona msafara wa siafu umetoka chini ya kilima, mweusi, mnene kama mkono wangu, unaingia moja kwa moja ndani ya lile shimo. Wanafunzi walikuwa bado wamelala. Nilijua kwamba wakiamka wataruka mle ndani bila viatu, kama kawaida yao. Basi nikafanya anachofanya kila mwanamke aliyelelewa huku. Nikachota majivu ya moto jikoni, beseni zima, nikamwaga ukingoni mwa shimo pande zote nne, kisha nikashuka ndani nikamwaga kwenye sakafu na kwenye pembe. Siafu wakatawanyika. Nikarudi jikoni kukanda unga wa maandazi, nimejisifu moyoni.

Mtaalamu alipoamka alikuja akasimama ukingoni mwa shimo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada," aliniita, "haya majivu yametoka wapi?"

"Jikoni kwangu. Kulikuwa na siafu."

Alivua kofia. Akachuchumaa karibu na mafiga yangu na kunieleza taratibu, na ni siku hiyo nilipoelewa wale watu wanafanya nini. Kila chenye uhai, alisema, mti, ng'ombe, mtu, kinapoishi kinavuta toka hewani aina fulani ya kaboni. Kikifa kinaacha kuvuta, na ile iliyomo ndani inaanza kupungua kidogo kidogo, kwa mwendo ambao wanasayansi wanaujua. Ukipima iliyobaki ndani ya mkaa, unajua mti wake ulikufa zamani kiasi gani.

"Na majivu yako yamejaa chembe za mkaa wa mti uliokatwa mwezi uliopita," akasema. "Zikichanganyika na za kule chini, maabara watatuambia kilima umekijenga wewe."

Wanafunzi wakacheka. Mimi nilikuwa nimeona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. "Mngeingia mle bila viatu," nikasema, "siafu wangewaambia umri wenu." Kisha nikaenda nyuma ya hema la vyombo nikalia.

Mtaalamu aliamua kuliacha lile shimo na kufungua jingine upande wa magharibi, ila siku zilikuwa zimebaki chache na hakuwa na hakika kama lingefika chini. Kwa hiyo akageukia miti. Alitoa kwenye sanduku chombo kama keekee ya seremala, kirefu, kina tundu katikati. Ukikizungusha kwenye shina kinaingia mpaka moyoni mwa mti, kisha unavuta kijiti chembamba chenye kila kitu ulichopita, bila kuukata mti. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Mninga hukua masika, na kiangazi hupukutisha majani na kusimama. Kila mwaka huacha pete moja ndani yake. Ukihesabu pete za mti uliosimama juu ya udongo, unajua kwamba udongo ule hauwezi kuwa na umri mdogo kuliko mti. Alitaka kutoboa mninga mkubwa wa juu kileleni, na mitatu iliyo chini, upande wa mashariki, ambako udongo uliporomoka.

Jumapili nilipewa ruhusa nikaenda Ilembo kumwona mama. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua karanga. Nikamsimulia habari ya majivu kwa madoido, nikaigiza sura ya mtaalamu, na mama akacheka mpaka akajifuta macho. Nikaendelea. Nikamwambia sasa wanataka kutoboa miti kwa keekee, eti wahesabu miaka yake.

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Miti gani?"

"Mininga."

"Ya wapi?"

"Chini ya kilima. Upande wa jua linakochomoza. Ipo mitatu."

"Mitatu?" mama akauliza. "Imekuwa mitatu?"

Sikuelewa. Nilidhani ana wasiwasi wa mambo ya mizimu, nikataka kumtania. Nilipomtazama vizuri nikaacha. Mama yangu ni mtu wa maneno mengi kama mimi, lakini aliyoyasema mchana ule aliyasema polepole, akiendelea kuchambua karanga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

Kabla yangu alikuwa amezaa mtoto mwingine. Wa kike. Aliishi miezi mitatu, akashikwa na homa, akafa alfajiri. Katika ukoo wa baba, mtoto aliyekufa kabla ya kuota jino hakuwekewa matanga. Hakuliliwa, hakutajwa, na kaburi lake halikuinuliwa udongo. Kina mama wazee ndio waliomzika, na mama mzazi hakuruhusiwa kwenda. Bibi yangu, mama yake baba, alikwenda na wanawake wawili. Mama akabaki ndani, maziwa yanamtoka, kifua kimefungwa kwa kitambaa. Waliporudi bibi alimwambia maneno machache tu: "Ni chini ya kilima, upande wa jua linakochomoza. Tumechomeka mninga." Akamwambia pia asilie, asije akaziba njia ya watoto wengine. Baada ya miezi miwili likaja gari la kuwahamisha.

"Sikupaona," mama alisema. "Mpaka leo sipajui."

"Ndiyo maana hukuwa unakuja kwenye uyoga?"

"Ningekuja kukanyaga wapi? Sijui yuko wapi. Ningeweza kumkanyaga."

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililohisi lilikuwa hasira. Nilimkasirikia bibi, ambaye nilimpenda sana na ambaye alinilea mgongoni mwake. Nikamkasirikia mama kwa kunyamaza miaka yote hiyo. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu mzima haonyeshi mwenzake, niliumia kwa sababu ya cheo changu. Miaka yote nimekuwa wa kwanza, kumbe sikuwa. Nilikaa pale kwenye mkeka, mwanamke mwenye wajukuu, nina wivu na mtoto wa miezi mitatu.

Hasira ilipopita nikaona vizuri kilichokuwa mbele yangu. Wale wanawake watatu wote wamekufa. Baba amekufa. Hakuna binadamu aliyebaki anayejua mtoto yule alilala wapi, na mama anakaribia miaka sabini, goti moja limegoma. Kama kuna anayejua, ni mmoja kati ya mininga mitatu, na kesho kutwa watu wangu wanakuja na keekee.

"Nitawazuia," nikasema. "Nitamwambia asiiguse."

Mama aliweka ungo chini. Aliuliza, "Kweli wanaweza kujua mti ni wa mwaka gani?"

"Wanasema."

"Basi twende wote."

Tulikwenda Jumatatu asubuhi kwa gari la abiria mpaka Sitalike, na gari la mtaalamu likatupokea pale. Mama alivaa kitenge chake kipya na kanga juu, amebeba kifurushi cha karanga, kwa sababu haendi kwa watu mikono mitupu. Njiani alikishikilia mapajani. Tulipokiona kilima akajifunika kanga kichwani.

Nilikuwa nimemweleza mtaalamu kwa simu. Alimpa mama kigoda changu cha jikoni, na yeye akakaa chini kwenye majani mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nyie ndio mnaochimba?"

"Ndio sisi. Bibi, dada amenieleza. Ukisema tusiguse mti hata mmoja, hatugusi. Kazi yangu nitaimaliza kwa njia nyingine."

Mama alitazama ile mininga mitatu. Ilisimama kwa kupishana hatua chache, magome yake yamepasuka vilevile, unene wake karibu sawasawa. Mtu hawezi kuitofautisha kwa macho.

"Mwanangu anasema mnahesabu miaka."

"Tunahesabu, bibi. Ila kuna kitu kingine kinachoweza kukusaidia zaidi." Akaokota kijiti akachora pete kwenye vumbi. "Mninga ulioota kwa mbegu, katikati yake una pete ndogo, kisha zinapanuka. Mninga uliochomekwa ni tawi. Katikati unabeba pete nene za zamani, za wakati tawi lilipokuwa bado kwenye mti wa mama yake. Halafu likikatwa na kuchomekwa ardhini, halina mizizi. Miaka ya kwanza pete zinabanana sana, karibu zisionekane. Ukishika mizizi ndipo zinapanuka tena. Mti hauwezi kuficha hilo."

Mama alikisogelea kile kichoro kwenye vumbi, akakitazama muda mrefu.

"Ukiutoboa utatoa damu?"

Kila mtu wa huku anajua. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu, unachuruzika kama damu kabisa, na maseremala wetu wamezoea, lakini mama alikuwa hawazii mbao. Mtaalamu hakumdanganya.

"Utatoa, bibi. Kidogo. Kisha utapona."

Nilimwona mama akipima. Kwa upande mmoja alikuwa na mti ambao huenda ndio kitu pekee kilichobaki cha mwanawe, na kuuchoma chuma mpaka moyoni. Kwa upande mwingine alikuwa na miaka yote ile ya kutojua. Nilitaka kumwamulia, maana mimi ni mwepesi wa kuamulia watu. Nikaung'ata ulimi wangu.

"Toboeni," akasema. "Lakini nitaushika."

Mti wa kwanza aliushika kwa mikono miwili wakati mwanafunzi mmoja anazungusha keekee. Utomvu ukatoka, mwekundu, ukashuka kwenye gome, na mama akaufuta kwa ncha ya kanga. Mtaalamu akavuta kijiti, akakichonga upande mmoja kwa wembe, akakilowesha maji na kukitazama kwa lenzi. Katikati palikuwa na pete ndogo ndogo, kisha zikapanuka. Akatikisa kichwa. Ulikuwa wa mbegu.

Mama akaupapasa kama mtu anayeomba radhi, akaenda wa pili.

Mti wa pili keekee iliingia kwa taabu. Ilipofika katikati ikalia, mama akafumba macho. Mtaalamu alichonga kijiti, akakilowesha, akatazama. Akatazama tena. Kisha akampa mama lenzi na kumwelekezea kwa ncha ya wembe.

Nami niliona, tena bila lenzi. Pete nne nene zilikuwa katikati. Halafu palikuwa na mahali peusi, pembamba, ambapo mistari ilibanana kama watu wanaojikunja kwa baridi. Kisha moja iliyopanuka, na nyingine, na nyingine, mpaka kwenye gome.

"Hapa ndipo ulipochomekwa," mtaalamu alisema. "Na hii iliyobanana ni miaka minne, nadhani, ambayo ulikuwa unatafuta mizizi. Hesabu kamili tutaifanya maabara. Lakini huu ni wa kuchomekwa, bibi. Huu hapa."

Mama alipitisha ukucha wake juu ya ile mistari iliyobanana.

"Ilikuwa hivyo," akasema. "Hata mimi."

Kisha akaweka paji la uso kwenye gome na akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba kile cha kwetu kinachoita mtu, ambacho aliambiwa asikilie akiwa msichana mwenye kifua kilichofungwa. Wanafunzi wakaenda mbali. Mimi nilibaki, nikamshika kiuno kwa sababu ya goti lake, na nikalia naye, na sikujali tena habari ya nani wa kwanza.

Alipomaliza alichota udongo wa kilima, akautemea mate, akauviringa na kuziba lile tundu la keekee kwa kidole gumba. Mtaalamu alisema kwa kawaida huwa wanaliacha wazi. Mama akamwambia, "Kidonda cha mtoto hakiachwi wazi, baba." Akaziba na la mti wa kwanza. Mwanafunzi alipoelekea kwenye mti wa tatu, mama akamzuia.

"Huo uacheni. Haujakosa kitu."

Najua mtaalamu alihitaji ule wa tatu. Alimtazama mama, akamtazama mwanafunzi, akafunga sanduku la keekee.

Majibu yalichukua muda mrefu. Shimo la magharibi lilifika chini kabla mvua haijakaza, na mkaa wake ulipelekwa nje ya nchi. Mimi nilikuwa nimerudi Majengo kwenye masufuria yangu. Mama aliweka ile kanga kwenye sanduku bila kuifua, na nilipojaribu kuichukua niioshe aliniambia niweke mikono yangu ya majivu mbali na vitu vyake. Siku nyingine tulikuwa wote kliniki kwa ajili ya goti lake, nesi akamuuliza amezaa watoto wangapi. Maisha yangu yote nimemsikia akijibu wanne. Siku hiyo alisema, "Watano." Nesi akaandika bila kuinua kichwa.

Masika ilipokwisha mtaalamu alipiga simu. Nikaiweka sauti juu ili mama asikie. Akatueleza kuhusu mkaa wa shimo la magharibi. Moto wa chini kabisa uliwaka karne kadhaa zilizopita, kabla ya babu yeyote ambaye ukoo wowote wa huku unaweza kumtaja kwa hakika. Nikafikiri baba angekasirika sana. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza habari za nchi nyingine.

"Na mti?" akauliza.

Mti ulikuwa na shida moja. Pete walikuwa wamezihesabu kwa mashine ya kukuzia, lakini moja ina utata, alisema. Karibu na ile ya tisa tangu kuchomekwa palikuwa na mstari mwembamba usioeleweka. Kama ni mwaka, jumla tangu uchomekwe ni hamsini na mbili. Kama si mwaka, ni hamsini na moja.

Mama alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Mwaka ule mvua ilikatika katikati," akasema. "Mahindi yalikauka yakiwa magotini, ikarudi, tukapanda tena. Huyu hapa alikuwa hajaanza shule, alikuwa ananisumbua shambani. Ni mwaka mmoja, baba. Mvua ndizo zilizokuwa mbili."

Kalamu ikakwaruza karatasi upande wa pili. Kisha mtaalamu akasema, "Hamsini na moja, basi. Nitaandika hivyo, bibi." Na nilisikia kwamba anatabasamu.

Baada ya simu mama alijiegemeza ukutani. Aliniuliza tena habari ya mkaa, na ile kaboni inavyopungua. Nikamweleza nilivyoelewa, kwamba mkaa unahesabu kuanzia siku kitu kilipokufa.

"Na mti unahesabu anavyoishi," akasema mama. "Mimi nilikuwa nahesabu kama mkaa."

Kiangazi kilipoingia tulikwenda tena, sisi wawili tu. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wamepita, nyasi zimelala, njia ilikuwa nyepesi kwa goti lake. Mashimo ya wataalamu yalikuwa yamefukiwa vizuri. Udongo aliozibia mama tundu lile ulikuwa umekauka ndani ya gome, na gome lenyewe limeanza kuufunika pembezoni. Mama alifagia chini ya mti kwa tawi, akatandika kanga ile yenye doa, akakaa ameegemea shina. Hakuogopa tena kukanyaga.

Nilisimama pembeni nikitafuta kazi ya mikono yangu. Nilitaka kuwasha moto wa chai. Nikakumbuka mahali nilipo, nikacheka peke yangu.

"Unachekea nini?" mama akauliza.

"Majivu."

Akacheka pia. Kisha akanitazama, ule mtazamo wake wa zamani, wa nilipokuwa mtoto nikapita mbele ya wageni bila kusema neno.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Arobaini na saba, mama. Unajua."

"Mwenzio ana hamsini na moja." Akapigapiga gome kwa kiganja. "Na tangu umefika hapa umesimama tu. Nilikulea hivyo?"

Nikavua kandambili zangu. Wadogo zangu wangeniona siku ile, wangenicheka mwaka mzima. Nikapiga goti kwenye majani yaliyofagiliwa, kama tulivyofundishwa kwa wakubwa zetu, na nikainamisha kichwa mbele ya mninga.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Mama akamjibia. "Marahaba, mdogo wangu."